Kafila, Safari, Msafara: Nani Yumo?

Katika vitabu vya nasaba na kumbukumbu ambavyo jamaa zetu wa Dubai, Sharjah na Maskati wamekuwa wakiviandika kwa bidii miaka hii, kuna sentensi moja ninayokutana nayo tena na tena. Aghalabu huwa kwa Kiarabu, na kwa maana huenda hivi: babu yetu alitoka Oman akiwa kijana, akafika Unguja, akaingia bara na qafila zake mpaka Tabora na Ujiji, akarudi na pembe. Wajukuu wanapoigeuza kwa Kiswahili, ili ndugu waliobaki Unguja na Mombasa nao waisome, huandika "kafila" au "msafara", na mambo yakaishia hapo. Vibao vya maonyesho ya urithi navyo husema vivyo hivyo.

Makala haya ni ya kuhakiki neno, si ya kumhakiki mtu. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa mapenzi, na vimeokoa mengi ambayo yangezikwa pamoja na wazee. Lakini neno qafila lina mambo mawili ambayo safari za bara hazikuwa nayo, nayo ni ngamia na kurudi. Na limeacha nje jambo moja ambalo bila ya hilo safari hizo zisingetoka hata Bagamoyo: watu waliobeba mizigo.

Neno la kurudi

Qafila limetoka katika mzizi q-f-l, na qafala maana yake ni kurudi kutoka safarini. Kwa hivyo kwa asili yake qafila ni "irudiyo", yaani jamaa ya wasafiri wanaorejea kwao. Wanazuoni wa lugha walibishana juu ya hilo zamani sana. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 wa Hijria, aliona kwamba watu wa kawaida hukosea wanapowaita qafila wale wanaoondoka. Kwake yeye jina hilo ni la wanaorejea tu. Al-Azhari, aliyefariki mwaka 370, akajibu kwamba kosa ni la Ibn Qutayba mwenyewe. Waarabu, alisema, hawakuacha kuwaita hivyo hata wanaoanza safari, kwa kutaraji kheri, ili Mwenyezi Mungu awasahilishie kurudi. Ibn Manzur ameyahifadhi majibizano hayo katika Lisan al-Arab, na mwenye kutaka atayakuta chini ya mzizi huo.

Mimi hulipenda jawabu la al-Azhari. Linatwambia kwamba jina lenyewe ni dua. Lakini dua ina mwenyewe. Anayeombewa arudi ni nani, na arudi wapi?

Tuchukue njia ya kati, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika Unyanyembe, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mfanyabiashara aliyetoka Unguja alikuwa akienda. Kwao ni pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyechukua mzigo wa vitambaa au shanga pale Bagamoyo alikuwa akirudi. Kwao ni Unyamwezi. Watu wawili katika mstari mmoja, mmoja anaondoka kwao na mwengine anarejea kwao. Na mstari ulipogeuka kushuka pwani, mara nyingi alikuwamo mtu wa tatu, mateka aliyenunuliwa au kutekwa Manyema, ambaye hakuwa na kurudi kokote. Kumtia mtu huyo ndani ya "irudiyo" ni kumwombea dua ya mtu mwengine.

Ngamia asiyekuwapo

Msomaji wa Kiarabu, khasa aliyezaliwa hapa Dubai, akisoma qafila huona ngamia. Si kosa lake. Kabla ya magari, kutoka pwani hii kwenda al-Ain na Buraimi kulikuwa ni siku kadhaa juu ya ngamia, na wazee walioishi hayo wamewasimulia wajukuu wao. Kiarabu chenyewe kinaielekeza akili huko. Katika Surat Yusuf, aya ya 70, msafara wa ndugu zake Yusuf unaitwa ʿir, na wenye kamusi wamesema kwamba asili ya neno hilo ni ngamia wanaobeba chakula, kisha likawakusanya na watu wenyewe.

Sura hiyo hiyo ina neno la pili. Katika aya ya 19 wale waliomtoa Yusuf kisimani wanaitwa sayyara, yaani watu waendao. Mtoto wa Dubai leo akisikia sayyara anafikiri gari lililoegeshwa nje. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa hapa Dubai mwaka 1997, alipoifasiri Qur'ani kwa Kiswahili alilitafuta neno la kwetu, akaandika msafara. Naona alichagua vizuri. Na tukumbuke kwamba aya inayofuata yasimulia kuuzwa kwa mtoto huyo kwa thamani duni. Kisa kinachosomwa katika kila nyumba yetu hakikuficha kwamba ndani ya msafara wa wafanyabiashara anaweza kuwamo mtu aliyegeuzwa bidhaa. Sijui kwa nini sisi tuwe wazito kulisema.

Turudi bara. Baina ya pwani ya Mrima na maziwa makuu ngamia hakufaa, wala farasi, na punda walioingizwa wengi wao walikufa njiani. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o na maradhi anayoyaeneza kwa wanyama. Ngamia wa Unguja kazi yake ilikuwa kuzunguka kinu cha mafuta ya ufuta mjini. Kwa hivyo kila pembe iliyofika Unguja kutoka Tabora, na kila jora la merikani lililofika Tabora kutoka Unguja, lilikwenda juu ya kichwa au bega la binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kiasi cha kilo 30 kwa hesabu ya leo, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Pembe iliyozidi uzito huo ilifungwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili, mzegazega. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 waliopita njia hiyo kwa mwaka mmoja walikuwa makumi ya maelfu.

Ukiandika qafila bila ya kueleza, msomaji anawaona ngamia, na watu hao wote wanatoweka.

Safari, msafara, rugendo

Waliokwenda bara hawakusema qafila walipokuwa wakisema Kiswahili. Walisema safari. Neno limetoka katika safar ya Kiarabu, lakini Kiswahili kiliongeza jambo: safari ikawa ni mwendo na pia ni watu wanaokwenda mwendo huo. "Safari imefika" yaweza kuwa ni kundi zima la watu limeingia mjini. Kamusi za wakati wa ukoloni zilitoa maana zote mbili, na Richard Burton, aliyepita njia hiyo kuanzia 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, alilikuta neno safari likitumika kwa maana ya kundi la wasafiri. Akaongeza kwamba watu wa bara wana neno lao, rugendo au lugendo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Ni kwenda, ni mwendo. Hamna kurudi ndani yake, wala mnyama. Kuna miguu tu.

Msafara ni mtoto wa safari. Kiswahili kililichukua neno la Kiarabu, kikalitia m- na kulipeleka katika ngeli ya mti na mto, ikawa msafara, misafara. Leo limeenea kuliko mzee wake kwa maana ya kundi: Dar es Salaam watu husimama barabarani kupisha msafara wa rais, magazeti huandika juu ya mkuu wa msafara wa timu ya mpira, na shambani kuna msafara wa siafu. Safari imerudi kuwa mwendo peke yake, na huko ng'ambo ikawa utalii wa kutazama simba.

Nina neno juu ya ngeli hiyo. Tukisema "wapagazi wamefika" tunawahesabu watu. Tukisema "msafara umefika" tunakihesabu kitu kimoja, kama mto umefurika. Kiarabu nacho hufanya hivyo kwa qafila, kuipa kitenzi cha mmoja. Lugha zote zina maneno ya namna hiyo na hatuwezi kuishi bila ya hayo. Lakini mwandishi wa tarikh anapaswa kujua kwamba kila akiandika msafara amewafunika watu wengi kwa nguo moja, na kwamba ni wajibu wake kuifunua mahali fulani katika ukurasa.

Kiswahili chenyewe kina maneno ya kufunulia. Mpagazi ni mwenye kupagaa, kubeba begani, na wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira wao, wakalipwa kwa vitambaa au riale, na juu yake posho ya chakula. Mwanahistoria Stephen Rockel katika kitabu chake cha 2006 ameonyesha kwa kirefu kwamba kazi hiyo ilikuwa na desturi zake na heshima yake, na kwamba wanawake pia walikuwamo njiani. Kirangozi alitangulia mbele akiujua mwendo. Mnyapara alisimamia watu. Askari walishika bunduki. Hongo ilikuwa ada iliyolipwa kwa mtemi ili njia ifunguke. Leo hongo ni rushwa, mnyapara ni msimamizi wa vibarua au wa wafungwa, na posho ni marupurupu ya kikao. Safari zile zimekwisha, lakini msamiati wake tunautumia kila siku bila ya kujua ulikotoka.

Kenge wamo

Kuna methali tunayoitumia kwa mzaha: kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo. Husemwa kumtania mdogo aliyejichanganya na wakubwa. Mimi naitaka hapa kwa kazi nyengine, kwa sababu inauliza swali ambalo neno qafila halikuuliza: waliomo ni nani?

Kitabu kizuri cha kulijibia ni kile cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja na kufariki huko huko mwaka 1905. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha kwa herufi za Kirumi mjini Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya mtu kusimulia maisha yake kwa lugha yetu, na kila familia yenye khabari za bara inapaswa kuwa nacho.

Tippu Tip hapambi. Anasema mali ilikopwa kwa nani, bei ilikuwaje, vita ilipiganwa wapi, nani alimtoroka. Anasimulia jinsi wapagazi wake walivyotoweka wakati safari ilikuwa bado haijafika mbali na pwani, na jinsi alivyorudi nyuma akakamata watu wa vijijini na kuwatia minyororo wabebe mizigo yake. Anayasimulia hayo kwa sauti ile ile anayosimulia bei ya bidhaa. Kwa hivyo katika safari moja, kwa maneno ya mwenye safari, walikuwamo watu waliopatana ujira, watu waliokamatwa kwa nguvu, watumwa na watumishi wa nyumbani kwake, na jamaa zake. Wote wamo katika neno safari. Weka qafila badala yake, na atakayebaki katika picha ni yeye peke yake mbele ya ngamia zake.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na haki yataka tulitaje. Wako waandishi wa bara na wa Ulaya ambao kwao kila msafara ni msafara wa watumwa. Wakiona picha ya kale ya watu katika mstari na mizigo vichwani huandika chini yake "watumwa", hata pale ambapo ni wapagazi wa ujira. Nao pia wanawafuta watu. Mnyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi mara nyingi, akanunua ng'ombe kwa ujira wake, akajulikana kijijini kwa safari zake, ananyang'anywa kazi yake. Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku kuwaleta watumwa kwa nchi kavu. Upagazi haukusita hapo. Uliendelea mpaka reli ilipouondoa. Tukitumia jina moja kwa yote hayo, hatutaweza kueleza kilichokwisha na kilichobaki.

Baharini: sanjari

Pengine mtu atasema: basi Kiarabu cha Ghuba na Kiswahili havina neno la pamoja kwa mambo haya, na tafsiri haitawezekana. Liko, lakini si la nchi kavu. Manahodha waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi walipofuatana majahazi kadhaa, ili mmoja amwangalie mwenzake, watu wa pwani yetu walisema wanakwenda sanjari. Watu wa Ghuba husema sinyar. Mwenye kuzoea lugha ya hapa anajua kwamba jim yao mara nyingi hutamkwa ya, masjid ikawa masyid; kwa masikio yangu hilo ni neno moja lenye matamshi mawili. Leo katika magazeti ya Kiswahili sanjari limebaki kuwa "pamoja na", na wanaoliandika hawasikii tena tanga ndani yake.

Tofauti yake na msafara ni kwamba katika sanjari kila chombo kina nahodha wake na kila nahodha ana jina. Tunayakumbuka majina ya manahodha wa boriti zilizoezeka nyumba za zamani za Dubai, au angalau twajua kwamba yalikuwapo. Boriti hizo zilikatwa kwenye mikoko ya Rufiji na Lamu na watu pia, na majina ya hao hatunayo. Neno zuri halitoshi lenyewe kuleta uadilifu.

Sisi tulioitwa waliorudi

Kwa nini nimeshughulika na neno moja kiasi hiki? Kwa sababu sisi wenyewe ni watu tuliowahi kupewa jina la kurudi.

Baada ya Januari 1964 familia zetu ziliondoka Unguja na Pemba kwa majahazi, kwa meli, kwa ndege, wengine kupitia Mombasa na Dar es Salaam, wengine wakikaa Cairo au Kuwait kwanza. Hatukuwa msafara. Hapakuwa na kirangozi wala bendera mbele. Kila nyumba iliondoka kwa saa yake. Wako waliofika Dubai hata kabla ya dola ya Umoja wa Falme za Kiarabu kuundwa Disemba 1971. Na baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa nje, waliokwenda Maskati waliitwa waliorudi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Unguja na baba zao wamezaliwa Unguja. Walirudi mahali ambapo hawajapata kupaona, wakasema Kiswahili sokoni, wakaulizwa wao ni watu wa wapi.

Hatulilaumu neno hilo. Lilisemwa kwa wema, kama qafila ya al-Azhari, na kwa wengi lilikuwa ni hifadhi. Lakini tunajua ndani ya nafsi zetu kwamba lilisema nusu ya khabari, na kwamba nusu ya pili, ya kuondoka, ilibidi tuitunze wenyewe majumbani. Watu wanaojua hivyo hawana udhuru wa kuwafanyia wengine jambo lile lile.

Na hao wengine si wa mbali. Katika familia nyingi zetu, na yangu imo, yuko bibi ambaye nasaba yake inaishia kwenye neno moja: Manyema, au Myao, au Mnyasa. Babu ana jina, jina la baba yake, kabila na mji wa Oman. Yeye ana jina alilopewa alipofika. Kitabu cha familia kikisema babu aliingia bara na qafila na akarudi na pembe, basi bibi hakufika kwa njia yoyote. Ametokea tu jikoni. Kumbe alifika kwa safari ile ile, kwa miguu, pamoja na zile pembe. Sisi ni wajukuu wa wote wawili.

Kwa hivyo rai yangu kwa wanaoandika ni hii. Kwa Kiswahili, andika safari pale wazee waliposema safari, na msafara pale unapokusudia kundi; kafila haina haja. Kwa Kiarabu, ukipenda qafila itumie, lakini mara ya kwanza sema qafilat hammalin, msafara wa wapagazi, ili ngamia asiingie. Kisha taja waliomo kwa kadiri unavyojua: wangapi walikuwa wa ujira, nani alikuwa mnyapara, kama walikuwamo watumwa, na nani hakurudi. Usipojua majina, andika kazi zao. Kama bibi yako alikuja kwa safari hiyo, mwandike hapo, katika sentensi ile ile ya babu, na kitenzi chake mwenyewe.